Ukoka Umeshika Machimboni

Shangazi Mwanahawa,

Usinikasirikie nikikungojesha kidogo. Ulinilea ukinikataza kuanza mazungumzo kabla ya salamu, na hapa ukingoni mwa machimbo nimezungukwa na watu. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa. Shehe wetu, uliyetuongoza asubuhi katika hitima ya arobaini. Mchungaji, uliyepanda nasi kilima hiki kwa miguu. Wazee wetu, shikamooni. Kina mama wa kitalu cha miche. Majirani wa bondeni: naomba ruhusa yenu nimsomee marehemu barua yake mbele yenu, kwa kuwa habari iliyomo ni yetu sote.

Shangazi, udongo umekaa.

Nimetanguliza hilo kwa sababu ndilo ulilouliza hadi siku ya mwisho. Ulikuwa huwezi tena kuinua kichwa, ukaniuliza kama mawingu yamekuja, nikakujibu bado. Uliyaogopa masika. Mimi niliyaogopa zaidi, na leo nitaitaja sababu mbele ya watu, maana wewe uliificha ili kunistahi.

Mwaka juzi, tulipoambiwa wageni wanakuja kukagua miti tuliyoipanda kwenye mawe haya ya chokaa yaliyoachwa, ni mimi niliyetoa amri ya kusafisha. Mgeni akija, uwanja ufagiliwe: ndivyo tulivyolelewa sisi wa Pongwe. Tukapanda na mafagio ya chelewa, tukazifagia ngazi zote za machimbo kama uwanja wa harusi. Tuling'oa ukoka, nyasi zilizoushika udongo. Tulizoa majani makavu, tukayachoma. Ulipofika na mkongojo wako hukupiga kelele. Ulikaa juu ya jiwe ukasema, "Mmefagia mpaka godoro la miti." Mama Tabu, ambaye yuko hapa na anacheka, akakujibu, "Kwani Shangazi ulitaka wageni waone jalala?" Nawe: "Wanakuja kutazama miti, Mama Tabu, hawaji kulala chini!"

Tulicheka sana. Kisha mvua ikaja. Udongo tuliokuwa tumeubeba kwa makarai misimu miwili ulishuka wote, ukakifukia kisima cha bondeni, ukaingia hadi vyumbani mwa watu. Majirani walisema, na walikuwa na haki, kwamba likitokea tena, miti ing'olewe na machimbo warudishiwe wapasua kokoto. Ulisimama mkutanoni ukasema kosa ni lako, kwamba hukutufundisha vya kutosha. Halikuwa lako, Shangazi. Ulishanifundisha, mimi niliona haya kwa wageni kuliko nilivyosikia maneno yako.

Tukaanza upya, nawe ukahesabu kila kishina cha ukoka kwa mkono.

Sasa sikiliza. Wiki mbili baada ya kukuzika ilinyesha siku tatu mfululizo. Ilipokatika asubuhi nilipanda huku peke yangu. Nilikuta maji yakiteremka taratibu katikati ya ukoka, maangavu kiasi cha kuviona vidole vya miguu yangu. Chini ya mikwaju majani yaliyooza yalikuwa yameloa, yametulia palepale. Nikashuka kisimani. Mzee Mhina wa bondeni, aliyekuwa mkali kuliko wote, alikuwa ameshachota. Akaniinamishia ndoo niangalie, akasema, "Kamwambie Shangazi yako..." Kisha akakumbuka. Tulisimama pale, yeye na ndoo yake, mimi na machozi yangu. Kilikuwa kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo.

Kimebaki kipande kimoja, ile ngazi ya juu, ambayo bado ni jiwe tupu. Ulikuwa unaiita kipara. Hukuwahi kuifikia.

Pumzika, Shangazi, na Mola akujaalie huko kivuli kizito kuliko hiki ulichotuachia. Nakuahidi sitayaonea haya tena majani makavu, hata aje mgeni mkubwa kiasi gani.

Ndugu zangu, jana kamati yetu ya miti na majirani wa bondeni tulikaa, tukakubaliana. Machimbo hayarudi kwenye kokoto. Kuanzia leo fagio, moto na mbuzi ni marufuku humu. Na majani mnayoyafagia nyumbani yasichomwe: Jumamosi hii, saa mbili asubuhi, kila nyumba ifike hapa na kapu lake limejaa, tuifunike ngazi ya juu kabla mvua hazijaisha. Mzee Mhina ameomba nyumba yake itangulie.