Barua Zisizosalimia

Keza, mujukuu wangu,

Huku Gisenyi tuko salama. Mama yako amefungua duka karibu na mupaka, na mimi ni magoti tu yanayonisumbua. Unauliza kwa nini email yangu haina matangazo.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa sekretari. Sanduku langu la email lilikuwa dogo, na matangazo ya dawa yalilijaza mpaka barua za watu zikawa zinarudishwa. Na kaka yangu alikuwa amepotea Congo! Angeandika kutoka anwani ya nani? Donc, kuruhusu anwani ninazozijua tu kusingesaidia. Nikakumbuka mama alivyotulea: huombi kitu kabla ya kuuliza habari, amakuru. Wauzaji hawasalimii kamwe. Nikapanga kichujio: barua yenye neno "amakuru" ibaki, zingine zote zitupwe.

Siku ya tisa nikakuta barua moja tu, kutoka anwani ya mugeni: "Amakuru y'iwacu, habari za kwetu? Mi niko muzima." Nilipiga vigelegele, ofisi nzima ikasimama.

Kichujio kile bado kinafanya kazi. Barua yako, Keza, imeanza na "Nyogokuru, niambie." Nimeiokota kwenye takataka.

Nyogokuru wako, bibi anayekupenda