Kitanda ya Mukwe

Likasi, 1995

Bwana yangu, mujukuu Barthélemy,

Miaka mbili! Hata kuuliza kama nkambo yako, mama ya mama yako, angali anapumua? Fortunée ananiandikia barua hii, lakini mudomo ni yangu.

Tangu balikupandisha kwa nguvu treni ya Kasai na muke yako Jenny, juu ya damu ya Kasai ya baba yako, minye nalala kati ya kabati yenu na mashini ya kushona. Kitanda yenu haikuenea mu nyumba yangu, nikaiweka kwa jirani Gertrude. Yeye na batoto yake balilala chini, hata siku moja habakuipanda.

Kisha vijana balikuya kukamata vitu vya Bakasai. Gertrude akasimama mu mulango: "Ni kitanda ya mukwe yangu, bwana ya mutoto yangu! Munataka mama mukwe aone kitanda ya mukwe inapita mu njia? Ni mwiko! Laana itakuwa yenu!" Bakaamini ule uongo, bakaenda, macho chini.

Mungu amubariki. Naogopa njia ya kuya kwako, sawa vile weye unaogopa ya kurudia huku. Lakini kitanda yenu iko.

Sasa quartier yote, majirani bote, inajua weye ni mukwe yake. Ukikuya, usiingie na makelele yako. Simama inje kwa Gertrude, uiname sawa mukwe, usimuangalie mu macho, ungojee akuite.

Nkambo yako,
Hortense