Kambale Bila Chumvi

Jumamosi, 3 mfungo tisa. Mkongo.

Pamba tena. Siku ya tatu shambani kwa jumbe, mgongo wangu si wangu. Athumani, mtoto wa shangazi, kaimba tangu asubuhi, hata mnyapara kacheka. Mimi, mwalimu wa Kurani, nimechuma kuliko yeye. Nani kaona? Jioni mke wangu Mwanahawa kampa maji ya kunywa, akamwambia mbele yangu: "Mwalimu wako huyu chapwa, shemeji. Kambale wa kuchemsha bila chumvi." Utani, eti. Nimecheka nao. Nilitamani kumzamisha Athumani mtoni.

Ijumaa, 9 mfungo tisa

Vijana wamekunywa dawa. Risasi ya Mdachi itageuka maji, wanasema. Mimi nimekataa. Nasomesha watoto Kurani, siwezi kuapia kibuyu cha mganga. Basi maneno: ah, yule hata vita vinamchosha. Athumani kajifunga bua la mtama kipajini, alama ya waliokunywa. Kapendeza, mshenzi. Mwanahawa kamtwangia unga wa njiani. Mimi hajanitwangia kwa moyo ule tangu harusi.

Sharti la dawa: asikaribie mwanamke. Hilo tu limenifurahisha.

Jumatano, 21 mfungo tisa

Athumani amekufa. Risasi, karibu na boma la Mdachi. Maiti haikuletwa. Mwanahawa kaanguka uani akilia. Nikifa mimi atalia hivyo? Hilo ndilo nililowaza kwanza, kabla ya innalillahi. Mungu anisamehe.

Jumatatu, 4 Rajabu

Leo tumeondoa matanga. Wazee wakauliza mtani wa marehemu yuko wapi, aje awachekeshe wafiwa. Binamu ndiye mtani. Mimi. Watu wakaguna: huyo?

Nikavaa kofia ya Athumani, nikatembea kama yeye. Bega la kushoto juu. Kikohozi kabla ya kila uongo. Kikoi kukipandisha akipita mwanamke. Yote nayajua, mwaka mzima nimemtazama kwa kijicho. Watu wakagaagaa. Shangazi mwenyewe, mama yake, kacheka kajishika mbavu. Mwanahawa kacheka mpaka machozi. Miaka sita ya ndoa sijawahi kumchekesha.

Lakini hakunicheka mimi. Kamcheka yeye.

Ijumaa, 8 Rajabu

Hakuna aliyekwenda kwenye pamba. Tumekula wali na kambale, chumvi imekolea. Mwanahawa kaosha vyombo, kaketi. Kisha akasema taratibu: "Mume wangu, hebu tembea tena kama shemeji."

Nikainua bega la kushoto.