Mrija Ulikuwa Mtupu

Mzee Mutua,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako siulizi, na yangu ni uchovu tu. Nimechoka miguu, nimechoka macho, na nimechoka kubeba neno moja nililokwambia wodini siku mbili kabla hujafa. Leo nalitua, kwa hiyo nivumilie.

Kwanza habari za huku. Mama bado anakaanga mahamri mawili ya ziada kila asubuhi. Nimemwambia mara ngapi kwamba Mzee hayupo, anasema mkono umezoea. Nayabeba kutoka Kibokoni mpaka maabara pale Ganjoni, nayala mwenyewe, na sasa mabuibui yananibana. Kiti chako hakuna anayekikalia. Stima inapotea tukiwa katikati ya kazi, na nyumba ya panya inanuka vile vile, ingawa wewe ulikuwa ukiapa hainuki.

Mkubwa wetu alitaka kuifunga ile nyumba. Alisema panya wako weusi, wale wa utafiti wa malaria uliowalea miaka yote, wamekwisha, na hana haja ya kulisha weupe peke yao. Kweli walikwisha. Ugonjwa ulifagia vizimba vyao mwezi ule ulipolazwa. Vilivyobaki ni viinitete vyao, vimegandishwa kwenye tangi, chupa mbili ndogo basi.

Unakumbuka tulivyokuwa tukibishana? Mimi nilisomea njia ya kisu: panya jike wa kupandikiziwa viinitete anapewa dawa ya usingizi, anachanwa ubavuni, anashonwa. Wewe hukuitaka. "Fatma, kwa nini nimchane mama wa watu na mlango anao?" Ulimweka panya mweupe juu ya mfuniko wa waya, ashike mwenyewe kwa vikucha vyake, ukamwinua mkia, na ule mrija mwembamba wenye viinitete ukapita mlango wa kizazi mpaka ndani. Alikuwa ameshapandwa na dume aliyefungwa uzazi, kwa hiyo mwili wake uliamini una mimba. Waliokosekana ni watoto wenyewe tu. Punde mrija uko nje, naye amerudi kizimbani anakula. Nikakucheka, nikasema hiyo ni kazi ya fundi bomba. Ulininunia kutwa nzima.

Na kila ukimaliza ulisuuza mrija kwenye kisahani ukachungulia kwa hadubini, uone kama kuna kiinitete kilichong'ang'ania ndani. Nilikuwa nikilalamika njaa, nawe huna habari. "Suuza kwanza, ndiyo ukale."

Siku ya chupa ya kwanza nilikuwa peke yangu. Nilifanya yote ulivyonifunza, halafu nikatazama saa. Wakati wa kuona wagonjwa ulikuwa unakaribia kwisha. Nikautupa mrija pipani nikakimbilia tuktuk. Nilipoingia ukanitazama kwa yale macho yaliyogeuka manjano. Hukuuliza habari za mama. Uliuliza, "Ulisuuza?"

Nikasema, "Nilisuuza, Mzee. Mrija ulikuwa mtupu."

Ulinishika mkono ukasema, "Basi tumepona." Kesho yake asubuhi nikauokota ule mrija pipani, nikausuuza. Viinitete vyote vilikuwa mle ndani, vimekauka. Sikuja kukwambia. Niliuogopa uso wako. Siku iliyofuata nikapigiwa simu, na ukapelekwa kuzikwa kwenu bara ukiamini umeacha ukoo nyuma.

Nisamehe. Wallahi sikutoka nyumbani nikinuia kukudanganya. Nilitaka kukuona tu.

Miezi minne sikuigusa chupa ya pili. Nilikuwa nikipita kando ya tangi kama anayemkwepa mtu anayemjua. Mkubwa akanipa mpaka mwisho wa mwezi, basi nikachagua panya wanne, nikafanya kwa mrija, si kwa kisu. Wa tatu alinikojolea mkononi. Nikasuuza mara nne, nikachungulia mara nne, mpaka machozi yakanitoka. Hapakuwa na kitu ila vumbi.

Leo ni siku ya kumi na saba. Watatu hawana kitu. Wa nne amezaa watoto watatu, wekundu, kila mmoja kama punje ya kunde. Sikushukuru upesi, maana dume akifungwa vibaya utapata watoto wa weupe ukajidanganya. Nikamweka mmoja kiganjani nikamsogeza kwenye taa. Chini ya ngozi, pale patakapofunguka macho, kulikuwa na vitone viwili vyeusi. Watoto wa weupe hawana hivyo. Nikakaa kwenye kiti chako nikalia, na mahamri yako nikayaacha yakapoa.

Watatu si ukoo, najua. Naomba tu wasiwe wote madume.

Kesho naingia kwa mkubwa kumwambia ukweli wa chupa ya kwanza. Akitaka kunifukuza, anifukuze, lakini sitoki kabla sijamfunza atakayekuja baada yangu kusuuza kabla ya kula. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, nyingine sina.

Pumzika, Mzee wangu. Uliniuliza swali wodini, na jibu lake ninalo leo. Nilisuuza. Mrija ulikuwa mtupu.

Fatma wako