Koma ya Babu Mwaringa

Barani,
Malindi.
18 Agosti 2025

Mpendwa kaka Lewis,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Muscat na joto lake. Sisi hatujambo, ila mguu wa mama bado unamsumbua. Mahindi ya Ganze yamekauka yakiwa ya magotini, lakini muhogo upo, hatulali njaa.

Ile habari ya Mwaringa, baba yake babu yetu, imekwisha. Unakumbuka mkewe alikataa katakata mumewe asimikiwe koma, kile kigogo cha marehemu, pale uani kwenye koma za nduguze. Aliambiwa mumewe amefia vitani Burma, akasema msafiri hasimikiwi kigogo. Akafa na msimamo wake. Hakuna aliyethubutu tena, mpaka Bibi Kadii, mtoto pekee wa Mwaringa aliyebaki hai, aliposema mwaka huu kwamba hataki kufa kabla hajamlilia baba yake.

Baba mdogo Karisa, unamjua na makuu yake, akaagiza kigango, ile nguzo ya ukumbusho, kirefu kunishinda mimi, kimechongwa vifungo vya askari kifuani. Mzee Kombe, msimamizi wa tambiko, kukiona tu, akakikataa. Alisema kigango ni cha wazee wa chama cha Gohu, na Mwaringa aliondoka kijana, hakuwahi kuingia chama hicho. Inayomfaa ni koma fupi kama wengine. Karisa alinuna siku nzima, nami nilicheka mpaka nikaona haya.

Jumamosi tukaisimika. Mzee Kombe akamimina tembo la mnazi chini, akamwita Mwaringa kwa jina, kisha akamtaka Bibi aseme na baba yake. Bibi akasema hamjui, atamwambia nini.

"Mwambie wewe ni nani," Mzee akamjibu.

Basi akainama, akaishika ile koma. "Baba, ni mimi Kadii. Uliniacha tumboni mwa mama. Sasa mimi ni mzee kukushinda wewe. Mama alikungoja mpaka akachoka. Nawe pumzika."

Kaka, mimi ni mtu wa kanisani na nilikwenda shingo upande. Lakini nililia, sikufichi.

Mdogo wetu Purity na watoto wanakusalimu sana. Mama Afiya, jirani, kila siku anauliza utarudi lini. Karisa naye anakusalimu, ingawa kile kigango bado anakitafutia pa kukiweka.

Bibi yuko kwangu tangu jana. Asubuhi alinipa wembe nimnyoe nywele, kama wanavyonyolewa wafiwa, nami nimemnyoa zote. Ameketi barazani na kanga kichwani, anapokea wageni. Ukipiga simu usimwulize habari za mvua wala za mguu wa mama. Mpe pole kwanza. Amefiwa na baba.

Mungu akutunze ugenini na akurudishe salama.

Nduguyo akupendaye siku zote,
Gladys