Yasini, Iko?

Ijumaa, 1 Agosti. Arua

Nimemnyoa ndevu, nimempaka dawa magotini, nimemkaza mkanda. Mwili wa mume wangu Ramadhani umekwisha, suruali ya ngozi imebaki. Zaidi ya miaka sabini na bado anataka suruali ya ngozi. Nimemwambia anafanana na mwavuli uliofungwa. Akacheka sana.

Yeye na bendi yake wamepiga hotelini, chini ya Arua Hill. Muziki wa roki wanaujua bado, wale wazee. Gita la Ramadhani linanguruma kama mashine ya kusaga muhogo. Dudu, mpiga besi, siku hizi anapiga amekaa kwa sababu ya nyonga. Ukumbi ulijaa vijana.

Mwisho ukaja wimbo wa kuita. Waliutunga ujanani, wakiiga baba zao askari walivyoitwa gwarideni asubuhi, kule kambini, kwa Kiswahili chao cha jeshi. Ramadhani ananyamazisha gita, anataja mtu aliyemo ukumbini: fulani, iko? Mtu anajibu: iko! Gita linarudi. Watu wanapenda kuitwa kuliko kula.

Leo kaita, "Yasini, iko?"

Yasini alikuwa mpiga ngoma wao. Tulimzika Koboko mwaka juzi. Ramadhani mwenyewe aliingia kaburini kumpokea.

Watu walidhani anamkumbuka marehemu, wakapiga makofi. Mimi niliuona uso wake. Alikuwa anangoja ajibiwe.

Jumapili, 3 Agosti

Kaniuliza Yasini anakuja mazoezini saa ngapi. Nikasema Yasini alikufa. Akalia upya, kama vile habari imefika leo. Sitamwambia tena.

Naogopa. Sijamweleza mtu.

Alhamisi, 7 Agosti

Jumamosi wanapiga Koboko, uwanjani. Mariamu, mjane wa Yasini, atakuwepo. Hajawahi kukosa.

Dudu alipita mchana. Nikamwomba watoe ule wimbo.

"Mama Aisha, Koboko bila ile wimbo? Watu itafukuza sisi."

"Basi mwambie amechoka, abaki nyumbani."

Dudu akasema, "Nyumbani yeye nasahau. Kwa jukwaa vidole yake najua kila kitu. Unataka yeye ikae nyumbani tu?"

Akienda watu watamcheka. Akibaki, nahofia ataisha mbele yangu, kidogo kidogo, na hata huo muziki hatakuwa nao. Dudu nimemchukia siku nzima, na hana kosa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimepiga pasi shati lake.

Jumapili, 10 Agosti. Koboko

Niandike yote, nisije nikajidanganya baadaye.

Jana alasiri. Watu wengi mno. Alianza vizuri, vizuri kuliko hata Arua. Nyimbo nzima nzima, hakukosea popote. Nikaanza kupumua. Halafu wimbo wa kuita. Akaita mwenye duka, akajibiwa. Akaita mwalimu, akajibiwa.

"Yasini, iko?"

Kimya. Akarudia. Gita kimya, ngoma kimya. Simu zote juu, zinamrekodi. Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, na wengine wakamfuata. Ramadhani hakuondoka kwenye maikrofoni. Alikuwa anatafuta kwa macho, safu kwa safu.

Mariamu akasimama. Akajifunga leso kiunoni, akajibu kwa sauti nzito, ya kiume:

"Iko!"

Ramadhani akatabasamu, gita likarudi, uwanja mzima ukaruka. Nikamshukuru Mungu, nikajua yamekwisha.

Akanyamazisha gita tena.

"Hawa, iko?"

Jina langu. Tangu tuoane hajaniita jukwaani hata mara moja. Ilikuwa utani wake: mke haitwi, mke anajulikana alipo.

Nikajibu, "Iko!" Nilikuwa pale pale mbele, hatua chache tu kutoka kwake. Akanitazama. Macho yakanipita, yakaenda kwa wasichana waliokuwa kulia.

"Hawa, iko?"

Nikajibu tena. Nilipiga kelele. Akaendelea kumtafuta Hawa katika nyuso za wasichana wale, mmoja mmoja, kwa upole. Dudu ndiye aliyeingiza besi peke yake na kuuburuta wimbo hadi mwisho.

Kwenye gari alilala begani kwangu. Sikumwamsha mpaka tulipofika kwa shemeji yangu.

Jumanne, 12 Agosti. Arua

Dudu kapiga simu. Wanaitwa wakapige mjini Inde, siku ya soko. Nimesema sawa. Kauliza kuhusu ule wimbo. Nimesema ubaki.

Suruali nimeifuta, nimeitundika.

Ramadhani alikuwa barazani na gita, bila umeme. Nilimpelekea chai. Akanishukuru kwa adabu, kama mgeni.

"Mama, bibi yangu iko wapi?"

Nikamwambia mke wake yuko sokoni, anarudi sasa hivi.

Akanisogezea kiti. "Basi kaa. Sisi ngoja yeye."

Nikakaa. Akapiga, nikasikiliza. Tulimngoja mpaka adhana ya alasiri.