Kwa Muthoni, Aliyefunga Bila Maji

Mpendwa Muthoni, mwenzangu wa kliniki,

Mama yako alikuwa azungumze mbele ya kikundi Jumamosi moja mwezi uliopita. Alikuwa amejiandaa kuwaambia wazazi wengine jambo moja tu: mtoto akianza kubadilika, mpe dawa mapema, usingoje mpaka jioni kama alivyongoja yeye. Mimi ndiye niliyemzuia. Nakuandikia nikueleze nilivyomzuia, kwa sababu ungekuwepo ningekueleza wewe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Nilikutana nawe kwenye benchi la kliniki pale Nyeri, tukingoja kupimwa damu. Ulikuwa umenunua chai nje, na mkono wako ulitetemeka mpaka ikamwagikia sketi yangu. Ukasema, "Pole, dada. Si wewe naogopa, ni hii dawa, lithiamu." Nilicheka, na wakati huo nilikuwa mtu asiyecheka. Nilikuwa nimetoka wodini, nimerudi kazini kwangu kupima maziwa ya wakulima, na wenzangu walikuwa wakipunguza sauti kila nikiingia. Wewe uliniuliza kama baipola yangu, ugonjwa wetu huu wa akili unaopandisha na kushusha moyo, huanza kwa kupanda au kwa kushuka. Uliuliza kwa kawaida kabisa, kama mtu anayetaka kujua mwenzake anatoka upande gani wa Mukurweini. Nikakuambia hushuka kwanza. Ukasema yako hupanda, kwa hiyo tungefaana, mmoja akiwa chini mwingine atakuwa juu akitafuta kazi ya kufanya.

Ndivyo ilivyokuwa, zaidi ya tulivyotaka.

Nakumbuka msimu niliolala nikitazama ukuta. Mume wangu alikuwa amechoka kunibembeleza. Ulifika kutoka kwenu Gakindu ukiwa na matope hadi magotini, ukaingia bila kuniuliza najisikiaje. Uliketi sakafuni kando ya kitanda changu na beseni la viazi, ukaanza kumenya. Ulimenya viazi vya watu watano na sisi tulikuwa wawili nyumbani. Ulipomaliza uliniambia, "Oga uso tu. Mwili tutaongea kesho." Nikanawa uso. Kesho yake ulirudi, tukaongea habari ya mwili. Madaktari wamenisaidia sana, siwezi kuwakana, lakini hakuna daktari aliyewahi kumenya viazi nikisikia kisu kinavyopita.

Nakumbuka pia ulivyopanda wewe. Mwaka ule kila mtu alikuwa akizungumza habari za avokado. Ulikodi vijana, na kabla mama yako hajarudi kutoka sokoni mlikuwa mmeng'oa mistari minne ya kahawa yake, ile aliyoipanda na baba yako. Ulikuwa ukiimba. Nilipofika ulinikumbatia ukaniambia tutauza avokado Ulaya, mimi na wewe, na kwamba hukuhitaji kulala tena maisha yako yote. Mama yako alikuwa amesimama katikati ya mashimo ameshika mkoba wa sukuma wiki. Hakulia. Aliokota mti mmoja wa kahawa akajaribu kuurudisha ardhini kwa mikono.

Nadhani hapo ndipo alipoanza kuiogopa siku ambayo hutameza dawa.

Wasomaji wengine wa barua hii huenda hawajui kikundi chetu, kwa hiyo nieleze. Tunakutana katika ukumbi wa kanisa, sisi wenye baipola na wachache wenye maradhi yanayokaribiana nayo. Tunatumia Kiswahili kwa sababu wengine ni wageni, kama Afande, polisi kutoka Busia, aliyewahi kusimamisha magari barabarani, mtaa wa Skuta, akiwa amevaa taulo na kofia ya kazi. Yeye mwenyewe husimulia hivyo, na huongeza kwamba magari yalisimama vizuri kuliko siku nyingine. Kila mmoja wetu ana siku yake tunayoiita siku ya kukabidhi. Unakuja na mtu wa nyumbani kwako, unasimama naye mbele yetu ukiwa na akili timamu, unamwambia akufanyie nini siku akili hiyo itakapoondoka. Akunyang'anye simu. Ampigie mwajiri. Asikubali uuze kitu. Sisi ni mashahidi, ili siku ile ukimwita adui, aweze kusema wewe mwenyewe ndiye uliyemtuma.

Siku yako ulimshika mama yako mkono. Ulisema, "Mami, nikianza kuongea vitu haieleweki, usibishane na mimi. Nipee dawa. Hata nikikataa, nipee." Akaitikia. Tukapiga makofi. Afande alisema kesi imefungwa.

Januari kanisa lenu likaingia mfungo wa maombi. Nimeuliza watu wengi, na najua mchungaji alitangaza wazi kwamba wagonjwa na wanaomeza dawa waendelee kula kama kawaida. Wewe hukutaka kuwa katika tangazo hilo. Uliwahi kuniambia unavyochukia kuitwa pembeni kila mwaka, upewe uji wakati wanawake wa rika lako wanaingia kuomba. Kwa hiyo ulifunga kama wao, kavu, bila chakula wala maji, na hukumwambia yeyote kikundini. Lakini dawa hukuiacha. Uliimeza kila jioni kwa funda dogo la maji, ukamwambia mama yako kwamba Mungu na daktari wote wameridhika. Alikuona una busara. Hata mimi ningekuona hivyo.

Hatukujua. Tulikuwa tumefundishana mambo mengi, jinsi ya kujua usingizi umepungua, jinsi ya kujua mtu anatumia maneno mengi mno. Kliniki walikuwa wametuambia tunywe maji, na tulilichukua kama ushauri ambao kila muuguzi humpa kila mtu. Hatukuelewa kwamba mwili ukikauka lithiamu haina pa kutokea, inabaki na kujaa, na kwamba mtu anaweza kuzidiwa na vidonge vilevile alivyovimeza miaka yote.

Siku ya tatu ulitapika. Ukasema ni njaa. Kisha mikono ikatetemeka kuliko kawaida, mguu ukayumba, ulimi ukawa mzito, na mchana maneno yako hayakushikana. Mama yako alikutazama akaona miti ya kahawa imelala chini, akadhani umeanza kupanda tena. Alijizuia mpaka jioni kwa sababu umefunga, na alitaka kuheshimu mfungo wako. Jioni akakupa dawa. Ulikataa, ukageuza uso. Akakumbuka ulivyomwambia, akakushika kidevu akakupa. Asubuhi hali yako ilikuwa mbaya zaidi, akakupa tena.

Nilikukuta hospitalini. Hukunijua. Daktari kijana aliniita kwenye korido, akaniuliza kama umeongezwa dawa nyumbani, na hapo ndipo nilipoelezwa habari ya maji na lithiamu. Mama yako aliambiwa kwa maneno machache kwamba figo zimeshindwa. Hakuna aliyemdanganya. Hakuna pia aliyekaa naye kumweleza kwa nini.

Tulikuzika Gakindu, chini kidogo ya mashimo yale. Tangu siku hiyo mama yako ameuliza swali moja kwa kila anayekuja: kama angekupa dawa mchana badala ya kungoja jioni, je, ungepona? Watu humwambia ni mapenzi ya Mungu. Mimi nilikuwa nikimwambia asijilaumu kwa kungoja. Ilikuwa kweli, na nilishukuru kila siku kwamba hakuuliza zaidi.

Ningeishi hivyo. Ningemwacha na kosa asilolifanya ili asijue la pili, ambalo nalo si kosa lake. Lakini alianza kutembelea wazazi wa wenzetu. Alimwendea mke wa Afande akamwambia, "Usingoje. Ukiona mkono inatetemeka, mpee hapo hapo." Kisha akaomba nafasi ya kusema siku ya kukabidhi, na kikundi kikampa kwa heshima yako. Nina shajara ninayoandika kila siku, tarehe na jinsi nilivyolala na nilivyoamka, na wiki ile nzima nimeandika maneno yaleyale: sijaenda Gakindu.

Ijumaa nilienda.

Alikuwa akianika maharagwe uani. Nilimsaidia kwanza. Kisha nikamwambia yote kwa Kikuyu, taratibu, kama nilivyoelezwa na daktari: maji, mfungo, kutetemeka, kidonge cha jioni na kile cha asubuhi. Nikamwambia wewe ndiye uliyemtuma na sisi tulikuwa mashahidi. Nikamwambia hakuna hata mmoja ukumbini ambaye angefanya tofauti. Mikono yake iliendelea kutandaza maharagwe yaliyokwisha kutandazwa.

Mwishowe akasema, "Ungeniacha tu."

Nilitaka kumwambia kuhusu mke wa Afande, lakini mbele ya uso wake mke wa Afande alikuwa mbali sana. Aliniuliza kama uliumia. Nikamwambia mwisho hukujitambua. Akasema, "Wakati namshika kidevu alikuwa anajitambua. Aliniangalia." Aliingia ndani. Nilimsikia akifunga komeo.

Nilikaa uani mpaka jua likahama kwenye maharagwe. Nilikuwa nimeinuka kwenda nilipomsikia akizungumza kutoka nyuma ya mlango, bila kufungua. Alisema yeye haji Jumamosi. Akaniambia niende niwaambie mimi. Nikasema nitasema bila kutaja mtu, nitasema tu mgonjwa mmoja na jamaa yake.

"Hapana," akasema. "Sema ni mama yake. Wakisikia ni jamaa watasahau."

Nimewaambia. Nilisema ni mama yake, na nikasema kwa nini. Afande, ambaye hukosa utani mara chache, aliinama akashika magoti. Mke wake alitoka nje akakaa huko kwa muda. Sasa anayekabidhiwa mgonjwa wetu hufundishwa kuuliza kwanza kama amekunywa maji, kama ametapika au kuhara, na akiona mguu unayumba na ulimi ni mzito asimpe kidonge kingine, amkimbize hospitali. Hatumwambii mtu aache dawa. Mimi nameza yangu. Kila jioni nakunywa maji bilauri nzima nikikufikiria kwa hasira, kwa sababu ungeniambia unafunga ningekuja na beseni langu, ningekaa sakafuni, ningekuudhi mpaka unywe.

Nimerudi Gakindu mara mbili. Mama yako hujibu salamu yangu kupitia dirisha. Hafungui, na mimi siombi afungue.

Lala, Muthoni. Nitaendelea kwenda.

Mimi, dada uliyemmwagia chai,
Wangeci